Mwembe mkubwa ubavuni mwa nyumba: tukate kichwa, tupogoe au tuuangushe kabisa?

Kivuli_Changu

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wa wanaojua miti, maana hapa nyumbani kila mmoja ana lake.

Tuna mwembe wa zamani, uliota kabla nyumba haijajengwa. Urefu ni kama mita 13, na shina liko mita 4 kutoka ukuta wa chumba cha watoto. Matawi mawili makubwa yamelala juu ya paa, na majani yanaziba gata kila mvua zikianza. Juzi upepo ulivunja tawi nene kama paja, likaangukia pale tunapoanika nguo. Halikumkuta mtu, ila tangu hapo upepo ukivuma usiku nawahamishia watoto chumba cha mbele.

Fundi wa kwanza aliutazama kidogo tu akasema dawa ni kukata kichwa chote, libaki shina na vigutu vya matawi, utachipua upya na utakuwa mfupi. Wa pili akasema ung'olewe kwa sababu mizizi itapasua msingi. Mama mkwe hataki kusikia habari ya kuung'oa, kivuli chake ndicho kinachofanya nyumba ikalike mchana. Mimi nataka watoto walale salama. Kama mti unaweza kubaki, nitafurahi kuliko wote.

Je, kukata kichwa ni sawa? Ni kweli mizizi inapasua msingi? Na nitajuaje kama mti wenyewe ni mzima? Kwa macho yangu uko kijani kabisa na msimu uliopita ulizaa vizuri.

Nyundo

Dada, angusha. Mita 4 ni karibu mno. Kwetu mizizi iliinua sakafu ya kibaraza mpaka mlango ukawa haufungi. Mti unapandwa mwingine, mtoto hapandwi.

Fundi_Matawi

Dada, pole kwa mashaka, na umefanya vyema kuuliza kabla msumeno haujapanda. Kazi yangu ni hii hii, kupogoa na kuangusha miti, miaka mingi sasa. Nianze na ninachokipinga kwa nguvu zangu zote: usikubali mti ukatwe kichwa.

Mti unaishi kwa majani. Ukiyaondoa yote kwa siku moja, mizizi inabaki haina wa kuilisha, na mti unamaliza akiba yake kuchipua haraka. Ndani ya miezi michache utaona machipukizi mengi yamesimama wima, na watu watasema mti umefufuka. Sasa panda ukaangalie yameshikia wapi. Tawi la asili hukua pamoja na shina tangu mwanzo, mbao zake na za shina zinasukana mwaka baada ya mwaka. Chipukizi la juu ya kigutu limeshikilia tabaka la nje tu, chini ya gome. Wakati linanenepa, kigutu chake kinaoza, kwa sababu kidonda kipana katikati ya tawi mti hauwezi kukifunga. Baada ya miaka kadhaa urefu umerudi ule ule, lakini safari hii matawi mazito yamesimama juu ya mbao mbovu. Mengi ninayoitwa kuyatoa juu ya mapaa ni ya namna hiyo.

Uzito unaweza kupunguzwa bila kuua mti. Tawi linalokuzidia unalirudisha nyuma hadi kwenye tawi dogo lililo hai, lenye unene usiopungua theluthi ya lile unaloliondoa, ili hilo dogo lichukue kazi ya kulisha. Usiondoe zaidi ya robo ya majani yote kwa msimu mmoja, na kwa mti mzee kama wako iwe chini ya hapo.

Na kuna mahali pa kupitisha msumeno. Tazama pale tawi linapotokea shinani, utaona uvimbe na mikunjo ya gome. Hapo ni shingo ya tawi. Unakata nje kidogo ya shingo. Ukilisawazisha na shina umeondoa shingo yenyewe, kidonda kinakuwa kikubwa na kinga iliyokuwa pale imekwenda na tawi. Ukiacha kigutu, kinakauka na kuoza kuelekea ndani. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua kwa chenso, yaani msumeno wa mashine, maelfu ya miti kutoka juu hadi chini ili aone kinachotokea ndani ya vidonda. Alionyesha kuwa mti haurudishi mbao iliyoharibika. Unaizungushia kuta ndani, kisha unafunika kwa nje kwa mbao mpya. Ukikata mahali pabaya umebomoa kuta hizo kabla hazijajengwa.

Tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja, linaweza kushuka na gome la shina lote la chini yake. Mkato wa kwanza unatoka chini kwenda juu, sentimita 30 hivi kutoka shinani, uingie kama robo ya unene. Wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na tawi linaanguka hapo. Wa tatu ndio unaondoa kigutu kilichobaki, pale nje ya shingo. Fundi akikuambia hiyo ni kupoteza muda, mlipe nauli aende.

Kuhusu msingi, ndugu yangu Nyundo, kibaraza chenu nakiamini. Sakafu nyembamba au njia ya saruji mizizi inaiinua kabisa, kwa sababu mingi iko karibu na uso wa ardhi, ndani ya sentimita 60 za juu. Lakini msingi mzima uliochimbwa vizuri mizizi haiutoboi. Inaingia palipo na ufa tayari, au kwenye bomba linalovuja kwa sababu inafuata maji. Penye udongo wa mfinyanzi ndipo pa kuangalia, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua zikija. Mti unaunyonya maji, udongo unanywea, na ukuta unashuka upande mmoja. Kwenye udongo huo huo ukiondoa mti uliokuwapo kabla ya nyumba, unaweza kuvimba tena na kuinua ukuta. Kwa hiyo dada, tuambie udongo wako ni wa aina gani na kama kuna nyufa ukutani.

Swali lako la mwisho ndilo kubwa. Watu wakiogopa mti wanatazama juu. Mti unaoanguka mzima unaanza kuachia chini, kwenye mizizi na kitako cha shina, na ukijani wa majani haukuambii kitu. Maji yanapita kwenye mbao za nje, hizo zikiwa hai majani yatapendeza hata kama ndani kumebaki unga. Naomba ukiwa na nafasi uuzunguke taratibu. Pima mzunguko wa shina kwa kamba, usawa wa kifua. Fukua majani makavu kwenye kitako uone kama kuna uyoga, hasa ule mgumu uliojitokeza kama rafu. Gonga shina kwa nyundo ya mbao, pande zote, usikilize. Angalia kama udongo umepasuka au umeinuka upande wowote. Angalia panda kubwa, kama pale shina linapogawanyika gome limebanwa katikati. Na ulizia kama kuna mtu amewahi kuchimba karibu.

Bi_Bustani

Fundi umenena. Niongeze ya mwembe wenyewe. Maua yake hutoka kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa, kwa hiyo ukipogoa muda mfupi kabla ya kutoa maua umejinyima msimu mzima. Ngoja mavuno yaishe, pogoa mara moja, mti upate muda wa kutoa vitawi vipya na vikomae. Anza na matawi yaliyokufa, yanayosuguana na yanayorudi ndani, mwanga upite.

Na utomvu wake, dada, usiupuuze. Wapo watu ngozi inababuka na kuwasha siku kadhaa. Mikono mirefu, glavu, na ukirukiwa osha mapema kwa maji na sabuni.

Mimi baada ya kukata hupaka rangi ya mafuta kidondani, wengine hupaka lami. Fundi unasemaje?

Fundi_Matawi

Asante Bi Bustani, la msimu umelisema vizuri kuliko mimi. Tofauti moja tu: tawi lililokufa au lililopasuka halisubiri msimu, linatolewa leo.

Rangi acha. Haizuii kuoza. Gome linalojaribu kufunika kidonda unaliwekea kizuizi, na lami ikipasuka unyevu unakaa nyuma yake. Mkato safi mahali pake unatosha. Nguvu ya kupaka rangi iende kwenye kunoa msumeno.

Kivuli_Changu

Jamani asanteni. Nimeuzunguka leo asubuhi na mume wangu, na nimeandika kila kitu.

Mzunguko wa shina ni sentimita 220. Udongo ni wa kichanga, hauna nyufa za kiangazi, na ukuta wa nyumba hauna ufa. Panda kubwa iko juu ya paa, hatukuweza kuiona vizuri.

Mwaka juzi mafundi wa bomba la majitaka walichimba mtaro kati ya mwembe na uzio, yaani upande usio wa nyumba. Mume wangu anakumbuka walikata mizizi minene kwa shoka, mingine kama mkono wa mtu mzima. Mtaro unapita mita 1 tu kutoka shinani. Upande huo huo, chini ya majani, tumekuta uyoga mgumu wa kahawia, mmoja mkubwa na miwili midogo, umeshikamana kabisa na kitako, ukingo wake mweupe. Tulipogonga upande wa nyumba nyundo inarudi na sauti ya kukaza. Upande wa uyoga inatoa sauti nzito ya uwazi, nusu mita kwenda juu. Na kando ya mtaro kuna ufa wenye umbo la mwezi mchanga kwenye udongo. Mume wangu anasema haukuwepo kabla ya ule upepo.

Niambie ukweli fundi.

Fundi_Matawi

Dada, ukweli ni kwamba mti huo uondoke, na usichukue muda mrefu. Nimeandika mengi hapo juu kuutetea na ningependa ungebaki, lakini uliyoyaona hayana tafsiri ya pili.

Mzunguko wa 220 ni kipenyo cha sentimita 70. Waingereza katika kiwango chao cha ujenzi karibu na miti, BS 5837, hulinda mizizi kwa umbali wa mara 12 ya kipenyo cha shina. Kwako ingekuwa zaidi ya mita 8. Sipimi mtaro wako kwa kipimo kikali hivyo. Ila ukishakata ndani ya mara 3 ya kipenyo, yaani mita 2 na kitu, unakata mizizi inayoushikilia mti usianguke, na wao walikata kwenye mita 1. Uyoga ule ni tunda la ugonjwa ulioanza zamani. Ukiuona nje, ndani mbao imeshaliwa. Ile sauti ya uwazi inasema hivyo hivyo.

Kilichonishtua zaidi ni ufa. Mti unaposukumwa na upepo, mizizi ya upande upepo unakotoka ndiyo inayovuta, na ya upande wa pili inaegemea. Mizizi yako ya kuvuta ilikuwa upande wa uzio, ndiyo iliyokatwa na kuoza. Udongo umeanza kuachia upande huo. Upepo ukitoka kwenye uzio, mti utalala kuelekea chumba cha watoto. Kuupogoa kungepunguza uzito, lakini hakurudishi mizizi.

Kwa hiyo watoto wasilale chumba kile kabisa mpaka kazi iishe, sio usiku wa upepo tu. Na asianikwe nguo mtu pale chini.

Mimi nimesoma maelezo, sijauona. Mwite mtu wa miti aje asimame chini yake, umwonyeshe mtaro, uyoga na ufa. Umsikilize anavyouliza. Akiangalia kitako kabla ya kutaja bei, huyo mpe sikio. Muulize ataushusha vipi, kamba ataifunga wapi, nani atakayesimama chini, na kikiharibika kitu cha nyumba analipa nani. Majibu ya mwisho yaandikwe.

Nyundo

Mimi nilisema angusha ila sikujua sababu ni hiyo. Dada, kama unahitaji mikono, mimi na mdogo wangu tuna chenso na ngazi ndefu, tunaweza kuja kusaidia kuokoa gharama.

Fundi_Matawi

Nyundo, moyo wako ni mzuri na nakuomba ubaki nao chini. Chenso na ngazi havipandi pamoja. Tawi likikatika, ngazi inasukumwa au tawi lenyewe linaruka na kuipiga. Na ncha ya juu ya upanga wa chenso ikigusa mbao, mashine inarudishwa usoni kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Ukiwa chini una pa kukwepea, ngazini huna.

Tena mti huu hauangushwi mzima. Nyumba iko upande unaotaka kulala, na shina lenye uzito wa upande mmoja linaweza kupasuka wima ukiwa katikati ya kukata, kipande cha nyuma kikampiga mkataji. Unashushwa vipande vipande kutoka juu. Na kwa kuwa kitako ni kibovu, hata mpandaji hatakiwi kuuamini. Nikipewa mimi ningetaka gari lenye kikapu cha kuinulia, nisijifunge kwenye mti wenyewe. Vipande viwe vidogo na vishushwe taratibu, maana gogo zito likidakwa na kamba ghafla linalitikisa shina lote, na shina hilo halihitaji mtikiso.

Dada, kuna waya wa umeme unaopita karibu? Na umeona nyuki wakiingia popote?

Kivuli_Changu

Waya wa kuingia nyumbani unapita kwenye matawi ya upande wa mbele, majani yanaugusa. Nyuki sijaona, ila nitatazama jioni.

Fundi_Matawi

Basi kabla ya mtu yeyote kupanda, shirika la umeme lije likate umeme au liushushe huo waya. Usimruhusu fundi akuambie atakuwa mwangalifu. Tawi bichi lina maji, linapitisha umeme, na kwenye nyaya kubwa za barabarani umeme unaruka hata kabla hujagusa. Asiyefundishwa kazi ya nyaya akae mita 3 au zaidi, yeye na vifaa vyake.

Nyuki ukiwaona wakiingia kwenye tundu, aitwe mfuga nyuki awahamishe kwanza. Kundi likichokozwa na chenso, aliye juu hana pa kukimbilia.

Kivuli_Changu

Nimepiga simu shirika la umeme na nimempata mtu wa miti anakuja kesho. Mama mkwe nilimpeleka akaona uyoga na ufa kwa macho yake. Alikaa kimya, kisha akasema basi tupande mwingine. Watoto wameshahama chumba.

Mawili ya mwisho fundi. Kisiki nikifanyeje, na mti mpya naweza kuupanda shimo lile lile? Upande wa pili wa uwanja kuna mwembe mchanga uliojiotea, umenipita kidogo urefu, una mashina mawili yanayokwenda juu sambamba. Mama mkwe anataka huo ndio uachwe ukue.

Fundi_Matawi

Kisiki kikiachwa kitachipua, na ule ugonjwa utaendelea kuishi kwenye mizizi. Ukipata mashine ya kusaga visiki, kisagwe hadi sentimita 30 chini ya ardhi. Ukikosa, kichimbwe, mizizi minene itolewe kadiri inavyofikika, upande wa bomba muende kwa jembe na uangalifu. Shimo lile usipande mti. Panda maua au nyasi.

Ule mchanga, kama una nafasi ya mita 8 au 10 kutoka nyumba na hauko chini ya waya, mama mkwe kachagua vyema. Uliojiotea mahali pake una mizizi ambayo haijawahi kubanwa na kopo wala kuhamishwa. Ila hayo mashina mawili usiyaache. Yakinenepa pamoja yatabana gome katikati, na panda ya hivyo hupasuka mti ukishakuwa mkubwa. Chagua lililonyooka na lenye nguvu liwe shina. La pili, kwa sasa likiwa na unene wa kidole, liondoe kwa mkasi wa kupogolea, palepale linapoanzia, bila kigutu. Kama limeshakuwa nene karibu sawa na mwenzake, lipunguze nusu mwaka huu ili lichelewe, mwakani ulimalizie. Matawi ya pembeni ya chini yaache kwa muda, yanalinenepesha shina. Ondoa lile tu linalojaribu kushindana na shina kwenda juu.

Na mtu akija kuchimba mtaro wowote, mwambie apite mbali na huo mti kabla hajashika jembe. Kesho huyo fundi akishaondoka, andika hapa amesema nini kuhusu kitako, nataka kujua.